Kwa nini viwanda hukaa pamoja, na maana yake kwa mwenye lori na mfanyabiashara wa mpakani

Dereva anayetoka bandari ya Mombasa na mzigo wa Kampala husafiri zaidi ya kilomita 1,100. Katika safari hiyo yote, sehemu zenye viwanda vingi anazozipita au kuzikaribia zinahesabika kwa vidole: Athi River, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Tororo, Jinja, kisha Kampala. Kati ya sehemu hizo ni mashamba, malisho na maduka ya kando ya barabara. Ardhi tupu ipo kwa wingi na kodi yake ni ndogo, lakini mwenye kiwanda kipya mara nyingi hukwenda kubanana na wenzake pale pale penye foleni, maji ya shida na kodi kubwa.

Makala hii inaeleza sababu za jambo hilo, historia yake katika Afrika Mashariki na majirani zake, na jinsi linavyogusa mfuko wa mfanyabiashara na msafirishaji. Si jambo la wataalamu peke yao. Ndilo linaloamua lori lako litarudi na mzigo au litarudi tupu, na ndilo lililochangia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Kongano la viwanda ni nini?

Kongano la viwanda ni hali ya biashara za aina moja, au zinazotegemeana, kukaa katika eneo moja na kuhudumiana. Wanaotengeneza fenicha Keko, Dar es Salaam, ni kongano. Mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, na wenzao wa Gerezani, Dar es Salaam, ni makongano. Mashamba ya maua ya Naivasha nchini Kenya, pamoja na wauza mbolea, watengeneza maboksi na magari ya baridi yanayokimbiza maua uwanja wa ndege wa Nairobi, nayo ni kongano moja.

Ifahamike kwamba kongano si lazima liwe eneo lililotengwa na serikali. Uzio, geti na kibao cha jina haviwezi peke yake kuleta kongano. Mengi yalianza bila mpango wowote: fundi mmoja alikaa, wa pili akamfuata, mteja akazoea njia.

Faida tatu za kukaa pamoja

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1890, akitazama miji ya viwanda ya nchini kwake kama Sheffield, iliyojulikana kwa visu. Alitaja faida tatu ambazo hadi leo ndizo zinazotumika kufundishia. Tuzitazame kwa mfano wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, ambako mafundi hutengeneza sufuria, karai, majiko, wilibaro na masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni.

Faida ya kwanza ni ufundi. Kijana anayetaka kujifunza kukunja bati huenda Kamukunji kwa kuwa akikosa kazi kwa fundi mmoja atapata kwa mwingine. Fundi naye akipata oda kubwa ghafla hapati shida ya vibarua wenye ujuzi. Mji wenye fundi mmoja hauwezi kumpa yeyote kati yao uhakika huo.

Faida ya pili ni malighafi na huduma. Penye mafundi wengi, muuza mabati, mapipa na vyuma chakavu hufungua duka hapo hapo. Anayekodisha mashine ya kukata hupata wateja wa kutosha. Mwenye mkokoteni na mwenye pikapu hupata kazi kila siku.

Faida ya tatu ni habari. Fundi mmoja akibuni jiko linalookoa mkaa, jirani yake ataliona asubuhi na ataliiga jioni. Mbunifu huumia kidogo, lakini eneo zima husonga mbele. Aidha mnunuzi wa jumla anayetoka mbali hupendelea kufika mahali penye wauzaji wengi, alinganishe bei na ubora, ajaze gari na kuondoka siku hiyo hiyo.

Faida hizi huvutana. Wateja huleta mafundi, mafundi huleta malighafi, malighafi huleta mafundi zaidi. Ndiyo maana eneo lililotangulia huzidi kukua, na lililochelewa huona vigumu kulifikia.

Nauli inapopungua, nini hutokea?

Wengi hudhani barabara nzuri ikifika mji mdogo, viwanda vitafuata. Mwaka 1991 mchumi Mmarekani Paul Krugman alionyesha kwamba mambo hayaendi hivyo moja kwa moja. Kazi yake juu ya biashara na mahali viwanda vinapokaa ilimpatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2008.

Hoja yake kwa lugha ya barabarani ni hii. Nauli ikiwa juu mno, kila mji hujitengenezea wenyewe sabuni, soda na misumari, kwa kuwa za mbali zinafika ghali. Nauli ikishuka kiasi, kiwanda kikubwa kilicho karibu na soko kubwa kinaweza kuuza hadi mji mdogo kwa bei ya chini kuliko kiwanda kidogo cha pale, na kile kidogo hufunga. Nauli ikishuka zaidi, huku ardhi na mishahara ya mji mkubwa ikipanda, baadhi ya viwanda huanza kutoka na kutafuta mahali nafuu.

Kwa hiyo barabara hiyo hiyo inaweza kuua kiwanda cha mpakani leo na kukizaa kingine baada ya miaka 20. Msafirishaji anapata kazi katika hatua zote, lakini mzigo wake hubadilika aina na mwelekeo.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 juu ya maendeleo duniani ilizungumzia suala hili kwa kutaja mambo matatu: msongamano wa watu na biashara, umbali wa kufikia soko, na mgawanyiko unaoletwa na mipaka. Kwa Afrika, yenye nchi nyingi ndogo na nyingine zisizo na bahari, jambo la tatu lina uzito wa pekee. Kilomita zinaweza kuwa chache, lakini mpaka ukawa mrefu kuliko barabara.

Viwanda vilivyovunja Jumuiya

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nairobi ilikuwa kituo cha reli kabla ya kuwa jiji. Karakana, maghala, benki na ofisi za makampuni zilikusanyika hapo, na viwanda vilivyouza bidhaa Uganda na Tanganyika vikajengwa hapo pia, kwa kuwa soko lilikuwa moja na Nairobi ilikuwa katikati yake.

Baada ya uhuru jambo hilo likawa kero. Tanganyika na Uganda ziliona zinanunua kutoka Kenya kuliko zinavyouza. Mwaka 1964 yakafikiwa makubaliano ya Kampala ya kugawana viwanda. Tanganyika ipewe matairi, uunganishaji wa Land Rover na redio, na bidhaa za aluminiamu. Uganda ipewe baiskeli na mbolea. Kenya ipewe balbu za umeme. Makubaliano hayo hayakuidhinishwa na Kenya na utekelezaji wake ukawa wa kusuasua. Mfano ambao wazee wa biashara wanaukumbuka ni wa matairi: badala ya kiwanda kimoja kwa soko lote, viwanda viwili vilijengwa, kimoja Arusha na kingine Nairobi, katika eneo ambalo magari yalikuwa bado machache.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulijaribu njia nyingine. Nchi iliyokuwa nyuma iliruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka kwa mwenzake ili ilee viwanda vyake. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilianzishwa ili kuelekeza mikopo zaidi Tanzania na Uganda. Hatua hizo hazikutosha kuondoa manung'uniko. Yalipoongezeka tofauti za siasa na mgogoro wa mashirika ya pamoja, Jumuiya ilivunjika mwaka 1977.

Wasafirishaji ndio waliolipa mapema. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 6 lori halikuweza kupita Namanga kihalali.

Jinja: kongano linaweza kufa

Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Umeme huo, pamoja na reli na pamba ya Uganda, uliifanya Jinja kuwa mji wa viwanda. Palikuwa na nguo, sigara na kiyeyusho cha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na jirani yake Kakira kulikuwa na sukari.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia. Majengo na mashine zilibaki, lakini walioondoka walikuwa na ujuzi wa kuendesha, mikopo ya wauzaji wa vipuri na majina ya wateja wa nje. Uzalishaji uliporomoka na mji ukapoa kwa miaka mingi. Katika miaka ya karibuni viwanda vimerejea Jinja, ila uzito wa viwanda vya Uganda ulikwisha hamia Kampala na vitongoji vyake.

Funzo lake ni kwamba kongano ni watu na uhusiano wao kabla ya kuwa mashine. Anayemiliki ghala au gereji katika mji wa viwanda ajue kwamba thamani ya mali yake inategemea majirani.

Samaki wa Ziwa Victoria: faida na hatari hugawanywa

Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Viwanda vya minofu vilianza upande wa Kenya, na samaki wa Uganda na Tanzania walivuka mpaka kwenda kuchakatwa huko. Baadaye Uganda ilijenga vyake, na katika miaka ya 1990 Mwanza nayo ikawa na vyake. Kila kiwanda kilihitaji barafu, maboksi, maboti ya kukusanya samaki, mafundi wa mitambo ya baridi na magari ya kuhifadhi ubaridi. Biashara ndogo zikaota kando yake: mapanki kwa soko la wananchi, na mabondo yanayopelekwa Hong Kong na China.

Kisha likaja tatizo. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa nyakati tofauti, kwa hofu ya vimelea, kipindupindu, na mwisho matumizi ya sumu katika kuvua. Zuio halikuchagua kiwanda safi na kichafu. Mwenye kiwanda aliyefuata taratibu alifungiwa soko pamoja na jirani aliyezipuuza, na mwenye gari la baridi alilala bila kazi pamoja na mvuvi.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa pamoja vile vile. Wenye viwanda walikubaliana viwango kupitia vyama vyao, serikali zikaimarisha ukaguzi, mialo ikawekewa sakafu na maji safi, na vikundi vya usimamizi wa mialo vikaundwa. Soko lilifunguliwa tena kwa hatua. Nchi tatu zilikuwa tayari zimeunda taasisi ya pamoja ya uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1994, yenye makao makuu Jinja.

Hata hivyo hatari nyingine ilibaki. Sangara wamepungua kutokana na uvuvi uliopita kiasi, na viwanda kadhaa katika nchi zote tatu vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Biashara ya dagaa na samaki wakavu imeshika nafasi kubwa zaidi: soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hupokea wanunuzi wanaopeleka shehena Kongo, Rwanda na Burundi. Aliyekuwa na magari ya baridi pekee alipata shida. Aliyeweza kupakia magunia ya dagaa aliendelea.

Ukanda wa shaba: kongano lililokatwa na mpaka

Madini ya shaba kati ya Zambia na Kongo ni mkanda mmoja wa ardhi, lakini mpaka wa kikoloni uliukata. Upande mmoja ni Ndola, Kitwe na Chingola, upande mwingine ni Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Migodi ya pande zote mbili huhitaji mafuta, mitambo, vilipuzi, salfa ya kutengenezea asidi na vipuri. Kwa msafirishaji wa Dar es Salaam, hii ni njia yenye sifa adimu: mzigo wa kwenda upo na mzigo wa kurudi upo. Lori hupanda na salfa au mitambo kupitia Tunduma na Kasumbalesa, na hushuka na shaba.

Neema hiyo imeleta foleni ndefu mipakani na ushindani wa bandari. Shaba hiyo hiyo inatafutwa na Durban, Beira, Walvis Bay na sasa Lobito nchini Angola, ambako mwaka 2022 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kwa makampuni ya nje kwa miaka 30. Mwenye malori yote katika kongano moja la madini anategemea bei ya bidhaa moja na uamuzi wa watu wachache kuhusu njia ya kupita.

Hesabu ya mzigo wa kurudi

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Safari ya kwenda na kurudi inakugharimu dola 3,000. Ukirudi tupu, mzigo wa kwenda lazima ubebe gharama yote. Ukipata mzigo wa kurudi wa dola 1,000, unaweza kumtoza mteja wa kwenda dola 2,000 na bado gharama zikarudi. Miji isiyo na viwanda hupokea bidhaa kwa nauli ya juu kwa sababu hiyo: inalipia safari ya lori tupu.

Kuna upande wa pili ambao wafanyabiashara wa bara hawautumii vya kutosha. Lori linalorudi tupu hukubali nauli ndogo, maana chochote ni bora kuliko hewa. Anayezalisha mbao, maharage, chai, kahawa au unga karibu na njia hiyo anaweza kufikia pwani kwa bei ambayo mzigo wa kupanda hauwezi kuipata. Hapo ndipo kiwanda cha mji wa bara kinaweza kusimama.

Utaratibu wa sasa wa Jumuiya

Mkataba mpya wa Jumuiya ulisainiwa Arusha mwaka 1999 ukaanza kutumika mwaka 2000. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na safari hii hofu ya zamani ilizingatiwa. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo, wakati baadhi ya bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru uliopungua kila mwaka hadi kufika sifuri mwaka 2010. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024.

Ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje ulianza na viwango vya asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya. Bidhaa ya Jumuiya haitozwi ushuru huo endapo ina cheti cha uasili. Kwa mfanyabiashara mdogo, shehena isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zilizo kwenye orodha inaweza kutumia cheti rahisi kinachotolewa mpakani. Wengi hulipa wasichopaswa kulipa, au hupita njia za panya, kwa kutojua karatasi hiyo.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya kununua gari jipya, jiulize kongano unalolihudumia linahitaji nini kwenda na linatoa nini kurudi. Bodi la lori lichaguliwe kwa mizigo ya pande zote mbili.

2. Usitegemee kongano moja. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu zilikata njia ya Mombasa, na Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Waliokuwa na mawakala pia upande wa Dar es Salaam waliendelea kufanya kazi.

3. Tafuta kinachokosekana ndani ya kongano. Penye mafundi 500 pengine faida ipo kwa muuza vipuri, mwenye ghala au mwenye mizani, kuliko kwa fundi wa 501.

4. Jiunge na chama cha biashara yako. Suala la sangara lilionyesha kwamba kosa la mmoja huwafungia wote, na mmoja peke yake hawezi kulifungua soko.

5. Shika cheti cha uasili kwa kila shehena inayostahili, na hakikisha maelezo yake yanafanana na ankara.

Viwanda vitaendelea kukaa pamoja, kwa sababu faida zake ni za kweli. Suala linalobaki ni kama mji ulio mbali na makongano hayo utapata njia ya kuuza chochote kwao. Jibu la sehemu ya suala hilo liko kwa msafirishaji mwenyewe, katika lori linalosimama mpakani likingoja kurudi, likiwa na nafasi ya tani 25 ambayo hakuna aliyeiuza.